Kipande Namba 112

Jumatatu, 7 Januari 2002

Nimepewa mzee mpya wa kumhudumia leo, na kabla sijavua koti alikuwa ameshanifukuza mara mbili. Mara ya kwanza kwa Kiingereza, mara ya pili kwa lugha yake, ambayo siijui, lakini kufukuzwa hakuhitaji mkalimani. Anaitwa Idwal Rees, Mwelshi wa miaka sabini na tisa. Anakaa peke yake hapa Wembley, mtaa wa nyuma ya uwanja wa mpira uliofungwa, na puani ana mpira wa oksijeni kwa sababu mapafu yake yamejaa vumbi la makaa ya mawe. Alichimba huko kwao Wales miaka ishirini na tano, mpaka shimo likafungwa, ndipo akaja London kufanya kazi kiwandani.

Sudha wa ofisini, anayetugawia kazi wahudumu, alikuwa amenionya. Yeye ni Mhindi wa Kisumu, na huzungumza nami Kiswahili akitaka kuniomba jambo gumu. "Emérence, huyu mzee yeye amemaliza carer watano. Wewe jaribu tu, mama. Mimi najua kichwa yako iko ngumu." Nikamwambia kichwa changu kimepita vita viwili, hakitashindwa na babu mmoja.

Baada ya kunifukuza mara ya tatu akaniuliza nimetoka wapi. Kongo, nikasema. Hapo watu wote huuliza habari za vita. Yeye akauliza, "Huko kwenu mnachimba nini?" Nikamjibu kwamba kwetu Kamituga ni dhahabu, na baba yangu alikuwa mtu wa shimoni. Akanyoosha mkono nimvue shati.

Jumatano, 9 Januari

Mvua. Uji ameukataa, anasema ni gundi ya kubandikia matangazo. Nimeula mimi.

Ijumaa, 11 Januari

Nilimsikia bafuni akisema peke yake kwa sauti ya kupanda na kushuka, nikadhani homa imempanda. Nilipoingia akanikaripia kwamba nimemkatiza mstari. Kumbe ni shairi, na yeye ndiye mtunzi.

Amenieleza vizuri, maana leo alikuwa na roho nyeupe. Tarehe 23 Februari 1939 gesi ililipuka ndani ya shimo la kijiji chao, Nant-yr-Onnen, ikaua wanaume. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita. Watu wengi wa kijiji hicho walihamia London kutafuta kazi, na kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na tarehe hiyo, hukutana katika kanisa la Wawelshi. Mzee Idwal husimama mbele bila karatasi na kulisema shairi lake: mistari thelathini na saba, kila mstari una jina la marehemu mmoja. Jina likitajwa, watu wa ukoo wake husimama, na hubaki wamesimama mpaka jina la mwisho. Mwaka huu tarehe imeangukia Jumamosi yenyewe.

Nikamwambia nami si mgeni wa mashairi. Kambini Nyarugusu, tulipokimbilia Tanzania, nilifundishwa vina na mizani na Mwalimu Mardhiya, mwanamke wa Tanga aliyekuwa akisema kwamba shairi lililokosa mizani ni guni, na guni halisomwi mbele za watu. Mzee akacheka hadi akakohoa. Kwao, anasema, mambo ni magumu zaidi: sauti za nusu ya kwanza ya mstari lazima zirudi nusu ya pili kwa mpangilio uleule, na ikipotea moja tu mstari umevunjika, na waliokaa mbele wanajua. Kila jina amelijengea nyumba namna hiyo.

Zamani alikuwa anasema mistari kumi na miwili kwa pumzi moja. Ameniomba nimhesabie. Leo: tisa.

Jumatatu, 14 Januari

Nimekosa.

Katika kabati la kitanda chake kuna kikopo cha tumbaku, na ndani yake kipande cha shaba cha duara, chenye tundu na namba 112, cheusi tii. Nilikijua mara moja: ni kipande cha namba ya mtu wa shimoni. Baba yangu alikuwa na chake cha bati, watu wa kampuni waliita jeton, na mama alikisugua kila Jumapili kwa majivu na limau ili baba asionekane mtu wa ovyo mbele ya msimamizi. Kwetu kipande cheusi ni aibu ya mke. Basi nikatafuta dawa ya kung'arishia, nikakisugua mpaka nikajiona uso, nikampelekea kitini kama mtu anayepeleka zawadi.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikigeuza, akakigeuza tena, akasema, "Ule weusi ulikuwa wa mkono wa mtu." Kisha akanifukuza, na safari hii niliondoka kweli.

Jumanne, 15 Januari

Hajanisemesha. Shairi analisema. Pumzi: mistari minane.

Jumatano, 16 Januari

Amekuja Bwana Gethin Treharne, katibu wa ule mkutano wao, mwalimu mstaafu, na biskuti mkononi. Ukoo wake una majina matatu ndani ya shairi, babu na ndugu wawili wa baba yake. Aliniuliza jina langu na akalitamka bila kulivunja. Nimempenda.

Ijumaa, 18 Januari

Mlima umelipuka Goma. Tangu jana televisheni inaonyesha moto ukishuka barabarani. Mdogo wangu Adolphe anakaa mtaa wa Birere, na Birere ndiyo inayoonyeshwa ikiungua. Lambert, mume wangu, hakwenda kazini.

"Simu haipite," ananiambia. "Niko napiga tangu asubuyi, haipite."

Jumamosi, 19 Januari

Nimekwenda kazini kwa sababu kukaa nyumbani nikiitazama simu kulikuwa kunaniua. Mzee alikuwa ameona habari. Kwa siku nne alikuwa amenifanya kama kiti, lakini leo akavuta simu yake, akaniwekea mapajani. "Piga," akasema. "Piga mpaka mkono uchoke."

Nikapiga. Kila mara sauti ileile ya mwanamke asiyenijua. Katikati ya kupiga na kukata, Mzee akawa anasema.

"Kusubiri majina. Hiyo kazi naijua."

Siku ile ya mlipuko, anasema, wanawake walisimama kwenye mvua juu ya shimo na hawakumuuliza mtu kitu. Walikuwa wanatazama ubao. Kila mwanamume aliyeshuka alichukua taa yake na kuacha kipande chake cha shaba kikining'inia ubaoni, na akipanda jioni hukichukua mwenyewe. Kipande kilichobaki maana yake mwenyewe yuko chini. Jioni ile vilibaki thelathini na nane.

"Thelathini na saba," nikamsahihisha, maana mistari nimeihesabu mara nyingi.

"Thelathini na nane."

Namba 112 alikuwa mtu anayeitwa Ivor Pask. Wakubwa waliokuja kuchunguza walisema gesi iliwashwa na njiti ya kiberiti. Kwa sheria hakuna aliyeruhusiwa kushuka na kiberiti wala tumbaku. Mlangoni alikuwepo mpekuzi wa kutia mkono katika kila mfuko. Asubuhi ile mpekuzi alikuwa mgonjwa, akawekwa kijana badala yake. Kijana huyo ni Idwal. Mvua ilikuwa kali, watu wamechelewa, wanamsukuma kwa utani, na yeye akaona haya kuwapapasa wanaume waliomwona akizaliwa. Akawaacha wapite wote. Hakumpekua hata mmoja.

"Waliponiuliza," akasema, "niliwaambia nimewapekua wote isipokuwa Pask. Kwamba Pask alinisukuma kando akapita."

"Kwa nini Pask?"

"Hakuwa wa kijiji chetu. Alikuwa mtu wa kuja. Alikuwa na mke na mtoto wa kike wa miaka mitano, basi, hakuwa na ukoo wa kusimama."

"Na ile njiti ilikuwa ya nani?"

"Hakuna ajuaye. Ya yeyote."

Mke wa Pask alivunjiwa madirisha, akafungasha, akaja London na mtoto wake. Mtoto huyo yu hai. Anaitwa Nesta, anakaa Kingsbury juu ya duka la vitamu, haifiki hata nusu saa ya basi kutoka kitini kwa Mzee. Kipande Mzee alikiiba ubaoni na hajamwambia mtu.

Nikaacha kupiga simu. Nilimkumbuka baba yangu. Kwetu hupekuliwa ukitoka, si ukiingia. Walimfungua mdomo kwa kijiti kila jioni kutafuta dhahabu, mbele yetu watoto tuliompelekea chakula, na alituambia kwamba mpekuzi ana uwezo kuliko mkurugenzi, kwa sababu neno lake halina shahidi. Na mimi hapa London ni nani kama si mtu wa kuja? Nikamwosha. Maji yalikuwa baridi kuliko ilivyotakiwa. Nilijua.

Jumatatu, 21 Januari

Adolphe yu hai! Alivuka mpaka kwa miguu, yuko Gisenyi, Rwanda. Nyumba yake iko chini ya ule moto uliogeuka jiwe. Nimelia ndani ya basi na sikuona haya.

Mzee aliniuliza mlangoni, "Yuko?" Nikasema yuko. Akajifunika uso kwa taulo. Sikutaka kumwona akilia, bado nina hasira naye. Pumzi: mistari saba.

Alhamisi, 24 Januari

Tumegombana. Ameniambia anataka mwaka huu jina la Pask liingie, kabla pumzi haijakwisha. Nikamwambia aliingize basi, nani amemzuia? Akasema hajapata mstari. Lile jina limekataa kujibiwa, kila anachokijenga kinavunjika katikati. Ana madaftari kumi na moja yaliyojaa mistari iliyovunjika ya jina hilo moja, nimeyaona.

"Mzee," nikamwambia, "wewe unajificha nyuma ya vina."

"Hujui unachosema."

"Najua. Uongo uliusema bila vina. Hukutafuta mizani siku ile."

Akanifukuza. Nikatoka nikakaa jikoni, nikamenya viazi vyake vyote, hata vya kesho.

Jumatatu, 28 Januari

Upepo umeangusha ua wa jirani. Pumzi: sita.

Jumanne, 29 Januari

Mzee amemwambia Treharne kwamba Pask atatajwa. Sikuwemo chumbani, lakini sauti zilipita ukutani, kisha Treharne akanikuta kwenye korido, uso mwekundu, bado anajitahidi kuwa mstaarabu.

"Bibi Emérence, akili yake inaanza kuchoka. Wewe unaliona hilo."

Nikasema sijaliona.

"Babu yangu alitolewa mle vipande vipande kwa sababu ya kiberiti cha yule mtu. Watu wetu wanakuja mara moja kwa mwaka kuwalilia wazee wao. Jina hilo halitatajwa mbele yao. Nakuomba usimsaidie."

"Mimi namwosha tu," nikajibu.

Namwosha tu! Jibu la mwoga.

Ijumaa, 1 Februari

Sudha ameniita ofisini. Treharne amepiga simu.

"Emérence, mimi naomba wewe, soma care plan. Kuosha, dawa, chakula. Hakuna pahali imeandikwa kanisa. Yeye akianguka huko na oxygen yake, nani ataulizwa? Wewe. Halafu mimi."

Nilimweleza yote. Alisikiliza, akachezea kalamu, akaniambia baba yake alifukuzwa Kisumu dukani kwa wizi wa mtu mwingine, na mpaka anakufa alikuwa akilitaja jina la yule mtu. "Lakini sheria ni sheria, mama."

Nyumbani Lambert hakuwa mpole hivyo. "Emérence, ile mambo ya wazungu, acha! Tuko na karatasi ya kukaa ya miaka ine tu. Bale batu beko kwabo. Shiye tuko kwabo pia." Kweli, wao wako kwao, na sisi tu wageni wao. Binti yetu Gloire, ambaye hutujibu kwa Kiingereza siku zote, aliinua macho kutoka kwenye kitabu: "So the man just stays guilty, then?" Eti yule mtu abaki na hatia tu.

Jumanne, 5 Februari

Pumzi: mitano. Daktari ameongeza oksijeni.

Jumatano, 6 Februari

Nilipomaliza zamu nilipanda basi kwenda Kingsbury. Hakunituma mtu.

Nesta Pask anakaa juu ya duka la vitamu la Wagujarati, na pia anafanya kazi humo. Nilimkuta amefunga aproni, nywele nyeupe chini ya wavu, anapanga barfi kwenye maboksi pamoja na mwenye duka, Pushpa, wakisemezana nusu Kiingereza nusu Kigujarati. Nilipotaja Idwal Rees, mikono yake haikusimama. Alijaza boksi, akalifunga, akachukua jingine.

"Nilipita nje ya kanisa lile mwaka mmoja," akasema. "Nikasikia viti. Jina moja, viti vinalia. Jina jingine, viti vinalia. Nilisubiri mpaka mwisho, kisha nikaenda zangu. Mama yangu alikufa akijua kwamba huko kwao anaitwa mke wa muuaji."

Nikamwambia Mzee anataka kulitaja jina.

"Jina tu, au yote?"

Nikakiri kwamba hilo sikumuuliza.

"Basi rudi ukiwa na jibu."

Pushpa akanitilia vitamu kwenye mfuko wa karatasi, bila kuniuliza. Nimevila vyote kituoni, kwa hasira.

Alhamisi, 7 Februari

Nilimkabili Mzee kabla hata ya kumpa dawa. Jina tu, au yote? Alitaka kujua nimeongea na nani. Nikamwambia.

"Mwambie nitasema yote."

Nilipiga simu dukani kwa kutumia simu yake. Nesta alinisikiliza, akakata. Hakusema atakuja wala hatakuja.

Jumatatu, 11 Februari

Mvua. Minne. Madaftari bado yako mapajani mwake, bado anautafuta mstari.

Jumatano, 13 Februari

Minne.

Ijumaa, 15 Februari

Mitatu. Midomo ya bluu asubuhi. Anaomba nisimwambie daktari, na mimi nimemwambia.

Jumamosi, 16 Februari

Daktari anataka alazwe. Mzee amekataa, ametia sahihi karatasi ya kukataa. Sudha amenipigia: kuanzia Jumatatu nimeondolewa, atakwenda mwingine. Hakuongea Kiswahili. Nilipomuaga Mzee nilimkunjia blanketi miguuni ingawa lilikuwa limeshakunjwa. Alikuwa amekuwa mwepesi sana, nilimpandisha kitandani kwa mkono mmoja. Nilimchukia mtu huyu mwezi uliopita, na leo nimeogopa kumwacha.

Jumanne, 19 Februari

Nimepelekwa kwa bibi mmoja Harlesden. Mpole, anasema asante kwa kila kitu. Simpendi.

Alhamisi, 21 Februari

Gloire alipokea simu. "Mum, it's your old man. He can't really talk. He just keeps saying Saturday." Ni Mzee, hawezi kuongea, anarudia tu Jumamosi.

Lambert alikuwa mezani. Alikata mkate wake, akautafuna wote, akameza. "Chupa yake ya oksijeni, iko na kilo ngapi?" akaniuliza. Nikasema kama kumi na tano. "Basi peke yako hautaweza kuibeba," akasema.

Jumamosi, 23 Februari

Naandika yote leo, kabla sijaanza kuyapamba.

Tulimchukua saa sita, kwa gari la kanisa letu. Ni siku yangu ya mapumziko, leo mimi si mhudumu wa mtu. Lambert alibeba mtungi, mimi nikambeba Mzee karibu mzima. Alikuwa amevaa suti inayomzidi na tai nyeusi. Mfukoni alikuwa na kipande. Madaftari aliyaacha. Nilimuuliza kama amepata mstari, akatikisa kichwa.

Watu walikuwa kama sitini. Treharne alitupokea mlangoni. Alimtazama Mzee, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Mistari thelathini na saba, Idwal. Kisha wimbo." Nilitafuta kichwa cheupe chenye wavu kila kiti. Hakikuwepo.

Mzee alikataa kukaa. Alisimama mbele, mkono mmoja umeshika kiti, mimi nyuma yake na mtungi, kiganja changu mgongoni mwake ili nijue kabla hajaanguka. Akaanza.

Sijui lugha ile, lakini shairi hili nalijua sasa kama njia ya kwenda kazini. Mistari mitatu, akapumua. Viti vikalia, watu wakasimama. Mitatu, akapumua. Kufika wa kumi na tano ikawa miwili. Mbele kulikuwa na mwanamke anayelia bila sauti. Alipotaja akina Treharne, watatu kwa mfululizo, katibu alisimama na mikono yake pembeni kama askari. Kufika wa thelathini ikawa mstari mmoja, pumzi moja, na kila mara nilihisi mbavu zikitafuta hewa chini ya kiganja changu nikadhani imekwisha. Wa thelathini na tano. Wa thelathini na sita. Alipomaliza wa thelathini na saba karibu watu wote walikuwa wamesimama.

Treharne akampa ishara mpiga kinanda. Mzee akainua mkono.

Alisema kwa Kiwelshi, kisha kwa Kiingereza, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Kila sentensi pumzi yake.

"Wa thelathini na nane. Ivor Pask. Sikumpata mstari. Nimeutafuta miaka sitini na tatu. Leo namtaja hivihivi, bila shairi."

Guni, mbele ya watu waliokuja kusikia shairi. Wa kwanza kukaa alikuwa Treharne. Kisha aliyekuwa jirani yake, kisha safu yote. Viti vikalia kimoja kimoja mpaka nyuma, na mwanamke aliyekuwa akilia akachukua mkoba wake akatoka. Baada ya dakika moja hakuna aliyesimama ukumbini ila Mzee na mimi, na Lambert mlangoni.

Na mtu mmoja karibu na nguzo ya nyuma. Sijui aliingia saa ngapi. Alikuwa amevaa koti, na chini ya koti aproni ya duka.

Mzee alimwona. Nilijua, kwa sababu mgongo wake ulikakamaa. Akataka kusema, hewa haikuja. Nikafungua mtungi hadi mwisho, nikamnong'oneza kwa Kiswahili, maana Kiingereza kilikuwa kimenitoka: "Pole pole, Mzee. Moja. Moja tu."

"Mimi ndiye niliyekuwa mpekuzi," akasema.

Nikahesabu.

"Sikumpekua mtu. Hata mmoja."

Nikahesabu.

"Pask hakunisukuma. Nilidanganya. Njiti ingeweza kuwa ya babu wa yeyote humu."

Mtu akapaza sauti kwa Kiwelshi, mwingine akamnyamazisha. Treharne alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama karatasi yake ya ratiba, na hakukiinua tena.

"Nilimchagua yeye kwa sababu hakuwa na watu wa kusimama."

Hapo akaegemea kiganja changu. Nilimweka kitini. Nesta Pask akaja mbele kwa njia ya katikati, akipita safu baada ya safu ya watu waliokaa, na hakumtazama yeyote kati yao. Akanyoosha mkono wazi. Mzee akatoa kipande mfukoni, akakiweka humo.

Nesta alikitazama chini ya taa. "Nilidhani kitakuwa cheusi," akasema.

"Nilikisugua mimi," nikamwambia. "Sikujua. Nisamehe."

"Wewe huna kosa." Kisha akamgeukia Mzee. Sauti yake haikupanda. "Sikusamehe, Idwal Rees. Nataka ulijue hilo. Lakini mtu akipanda, kipande chake hutolewa ubaoni. Nyinyi mlimwacha chini. Nimekuja kumtoa."

Akakitia mfukoni mwa aproni, akatoka. Wimbo haukuimbwa.

Jumatatu, 25 Februari

Sudha amenirudisha kwa Mzee, kwa sababu, anasema, wahudumu wawili wamefukuzwa wiki moja. "Wewe ndiyo saizi yake, mama." Treharne hajapiga simu, wala mwingine yeyote wa kanisani. Mzee yuko kitandani, hasemi shairi, wala hakuniomba nihesabu. Alikula uji wote na hakusema ni gundi.

Kabatini kikopo cha tumbaku kiko wazi, kitupu. Nikamuuliza nikitupe.

"Kioshe," akasema.

Nimekiosha.